Kutafuta Chanzo cha Mvumo wa Ethi Katika Mitambo ya Kale ya Kurekodia

Anayekusanya mitambo ya kale ya kurekodia jijini Nairobi hujikuta na mchanganyiko ambao haukukusudiwa na yeyote kati ya watengenezaji wake: kinasa sauti cha Revox A77 kutoka Uswisi, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 1967, kikiunganishwa na mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) ya Marekani iliyobuniwa kwa volti 117, amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) ya Uingereza na mtambo wa santuri wa Japani, vyote vikilishwa na stima ya volti 240 na hezi 50 kupitia ekstensheni moja. Kila nchi ilikuwa na desturi yake ya ethi, na desturi hizo zinapokutana katika chumba kimoja, spika huanza kuvuma. Wengi hukimbilia kufungua mashine na kubadilisha kapasita, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya, kwa sababu mvumo wa aina hii mara nyingi huzaliwa nje ya mashine, katika soketi, plagi na kebo, na fundi anayeanzia ndani huvuruga ushahidi kabla ya kuusoma.

Waya wa ethi hufanya kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kumlinda mtu: endapo waya wa moto utagusa chesisi ya chuma, yaani fremu ya mashine, ethi huupa mkondo njia ya kupita ili fyuzi ikatike au swichi ya usalama ijizime kabla mtu hajaigusa chesisi hiyo. Ya pili ni kuipa sauti kipimo chake cha sifuri na kuikinga dhidi ya kelele za nje kupitia ngao ya kebo, yaani wavu wa chuma unaozizunguka nyaya zake. Mvumo hutokea pale ambapo mkondo wa kazi ya kwanza unapita katika njia ya kazi ya pili. Tiba halali ni kuzitenganisha njia hizo, na kamwe si kuikata ya kwanza ili ya pili ipate utulivu.

Kabla ya kugusa chochote

Usikate pini ya ethi, wala usiifunge kwa utepe wa plastiki. Vilevile, acha ile desturi iliyoenea ya kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Vifuniko vya ndani vya soketi zetu hufunguliwa na pini ndefu ya ethi kwa makusudi, na kuvidanganya kwa kalamu ni kuilisha mashine ya chuma umeme bila ulinzi wowote.

Hakikisha kwamba saketi unayofanyia kazi inalindwa na swichi ya usalama (RCD) ya miliampea 30. Kwa mashine za valvu, kumbuka kwamba kapasita za umeme mkuu huweza kubaki na volti 300 hadi 450 hata baada ya plagi kuchomolewa. Zimwage kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 10, ukiishika kwa koleo lililokingwa: kapasita ya mikrofaradi 100 itahitaji takriban sekunde tano. Kisha pima kwa multimita kuthibitisha, kwa kuwa rezista iliyokatika haimwagi kitu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita nzuri iliyoidhinishwa kwa umeme wa nyumba, hedifoni, plagi mbili za RCA (zile zenye pini moja ya kati na ukingo wa chuma), rezista iliyotajwa hapo juu, chuma cha kulehemu, pombe ya isopropili na brashi ndogo ya waya. Vyote vinapatikana katika maduka ya Luthuli Avenue, ingawa multimita za bei ya chini kabisa zinafaa kwa betri tu na hazifai kuingizwa katika soketi ya ukutani.

Sikiliza kwanza

Mvumo wenyewe hutoa habari nyingi kuhusu ulikotoka, na mwanamuziki ana nafasi nzuri ya kuusoma kuliko fundi asiyejua gitaa. Nyuzi nene kuliko zote ya gitaa la besi, ikibonyezwa kwenye freti ya tatu, hutoa noti ya G yenye hezi 49. Nyuzi nene ya gitaa la kawaida katika freti hiyohiyo hutoa G ya juu yake, yenye hezi 98. Ukisikia mvumo ulio karibu na ile ya besi, unashughulika na hezi 50 za stima yenyewe, ambazo huingia kupitia kitanzi cha ethi (kitaelezwa hapo chini), ngao iliyokatika, uga wa sumaku wa transfoma au nyuzi za kupasha valvu. Ukisikia ule wa juu, wa hezi 100, shuku kwanza kapasita za kichujio cha umeme, kwa sababu diodi za mashine nyingi hugeuza pande zote mbili za wimbi na kuacha mabaki yenye marudio maradufu. Mashine chache za kale zilizotumia diodi moja tu huvunja kanuni hii, kwa kuwa mabaki yake hubaki kwenye hezi 50.

Tumia hedifoni kwa kazi hii. Spika ndogo haziwezi kutoa hezi 50, na kinachosikika humo ni zile sauti za juu zinazoandamana nazo, jambo linalompotosha msikilizaji.

Baada ya hapo, fanya jaribio la kugeuza. Mashine ikiwa imewashwa na imeunganishwa, izungushe polepole robo duara, kisha isogeze mbali na transfoma zilizo karibu. Mvumo ukibadilika kwa kila mzunguko, tatizo ni uga wa sumaku wala si ethi, na tiba yake ni nafasi tu. Ukibaki vilevile, endelea.

Soketi na ethi ya nyumba

Pima volti tatu katika soketi: kati ya waya wa moto na nyutro, kati ya waya wa moto na ethi, na kati ya nyutro na ethi. Mbili za kwanza zinapaswa kukaribiana, na ya tatu iwe volti chache au chini ya hapo. Iwapo kipimo cha waya wa moto na ethi kinayumba, au ni kidogo sana kuliko kile cha nyutro, basi huenda ethi ya soketi hiyo imekatika na multimita inasoma volti za kuambukizwa tu. Testa zenye taa tatu husaidia kuonyesha nyaya zilizobadilishana, lakini haziwezi kutambua kubadilishana kwa nyutro na ethi, wala hazielezi chochote kuhusu ubora wa ethi iliyopo.

Ubora huo unategemea pia udongo. Ule mweusi wa Embakasi na South C hunyonya maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na udongo ukikauka ukinzani wa fito la ethi, yaani chuma kilichopigiliwa ardhini, huongezeka. Mtambo uliokuwa kimya mwezi wa Mei unaweza kuvuma mwezi wa Februari bila kitu chochote ndani yake kubadilika. Kupima fito hilo, kuongeza jingine au kurekebisha mbao za fyuzi ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli), na hapa sishauri mtu ajaribu mwenyewe.

Kagua ekstensheni kwa makini hata kama ni mpya. Kuna zinazouzwa zikiwa na matundu matatu kwa kila soketi ilhali kebo yake ina nyaya mbili tu ndani. Ichomoe ukutani, kisha pima ukinzani kati ya pini ya ethi ya plagi na tundu la ethi la kila soketi. Kipimo kikizidi omu moja, au kusiwe na mwendelezo kabisa, itupe.

Plagi, kebo na rangi za nyaya

Sasa fanya kipimo hichohicho kwenye mashine yenyewe, ikiwa imechomolewa: kutoka pini ya ethi hadi chuma kitupu cha chesisi, mahali ambapo rangi haijazuia mguso. Toa kwanza ukinzani wa nyaya za multimita. Kinachobaki kinapaswa kuwa sehemu ya omu, na kisirukeruke unapoipinda kebo karibu na plagi na karibu na mashine, ambako nyaya hukatika zaidi.

Fungua plagi. Hapa ndipo pana hatari ambayo wengi hawaijui, kwa sababu rangi za zamani hazikuwa za kimataifa. Siku hizi kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano ni ethi. Katika mashine za Uingereza za kabla ya takriban mwaka wa 1970, nyekundu ilikuwa waya wa moto, nyeusi nyutro na kijani ethi. Katika zile za Marekani, nyeusi ni waya wa moto na nyeupe ni nyutro. Na katika mashine za Ujerumani za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, kwa mfano Grundig za valvu, nyekundu ndiyo iliyokuwa ethi, kijivu nyutro na nyeusi waya wa moto. Fundi aliyezoea rangi za Kiingereza akiunga Grundig ya aina hiyo kwa mazoea, huipa chesisi yote volti 240. Kwa hiyo usiamini rangi. Fuata kila waya kwa multimita hadi unakoishia, na ukiona kebo ya awali ina mpira unaomeguka, badilisha yote kwa kebo mpya ya nyaya tatu.

Weka fyuzi inayofaa. Kinasa sauti cha wati 100 hutumia chini ya nusu ampea kwa volti 240, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inakitosha, na ile ya ampea 13 inayokuja na plagi nyingi huiacha kebo nyembamba iungue kwanza.

Mashine za pini mbili na transfoma za kushusha volti

Ikiwa mashine ina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, imekingwa maradufu na haikukusudiwa kuwa na waya wa ethi. Iache hivyo. Lakini mashine nyingi za kale zenye pini mbili hazina kinga hiyo: ni chesisi ya chuma tupu, na katika amplifaya nyingi za Marekani kuna kapasita iliyounganishwa moja kwa moja kati ya stima na chesisi ili kupunguza kelele. Kapasita ya nanofaradi 47 kwa volti 240 hupitisha takriban miliampea 3.5, kiasi cha kumtekenya mtu vikali; ikipasuka na kushikana, huua. Iondoe, mpe fundi aweke kebo ya nyaya tatu yenye ethi iliyofungwa imara kwenye chesisi, na kama kichujio kinahitajika kweli, kitumie kapasita ya daraja la Y iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kujua kama chesisi inayoelea ni ya kutisha au la, pima volti kati yake na ethi ya soketi, kisha rudia ukiwa umeunganisha ile rezista ya kilo-omu 10 kati ya ncha mbili za multimita. Bila rezista unaweza kusoma volti 100 au zaidi hata kwenye mashine isiyo na hitilafu. Ukiweka rezista, kila volti 10 zinawakilisha miliampea moja ya mvujo. Kipimo kikishuka hadi volti chache, mvujo ni mdogo. Kikibaki karibu na volti 240, chomoa mara moja na usiiwashe tena hadi itengenezwe.

Transfoma za kushusha volti nazo zina mtego wake. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zina koili moja tu, kwa hiyo hazitenganishi mashine na stima. Upande wa volti 110 umeshikana na upande wa 240. Waya wa moto na nyutro vikibadilishana ukutani, nyaya zote mbili zinazoingia katika mashine huwa na volti za hatari. Aidha, soketi zake za kutolea umeme mara nyingi hazina ethi. Kwa mtambo wa thamani ninapendekeza transfoma ya koili mbili zilizotengana, yenye ethi inayopita hadi upande wa pili, hata kama ni nzito na bei yake inauma.

Kutenga mtuhumiwa

Sasa chomoa kebo zote za sauti, ukiacha amplifaya na spika pekee. Mvumo ukiendelea, chomeka katika ingizo lake plagi ya RCA ambayo pini yake ya kati umeilehemu na ukingo wake. Plagi hiyo huliambia ingizo kwamba hakuna sauti. Mvumo ukibaki, uko ndani ya amplifaya. Ukinyamaza, hautoki ndani yake. Rudisha kifaa kimoja baada ya kingine, ukisikiliza kila mara, na uandike mpangilio. Kumbuka kuunganisha kila kifaa kwa hatua mbili: kwanza kebo ya sauti kikiwa hakijachomekwa katika stima, kisha stima. Kifaa kinacholeta mvumo kabla ya kupewa stima kina kebo mbovu au kinaokota uga wa nje. Kinachouleta pindi plagi yake inapoingia ukutani, hata kikiwa kimezimwa, karibu kila mara kimefunga kitanzi cha ethi.

Kukivunja kitanzi

Kitanzi hupatikana pale ambapo mashine mbili zenye ethi zimeunganishwa tena kwa ngao ya kebo ya sauti. Tofauti ndogo ya volti kati ya chesisi hizo husukuma mkondo katika ngao, na katika kebo isiyo sawazishi (yenye waya mmoja wa sauti na ngao tu, kama ya RCA) volti inayotokea humo hujumlishwa moja kwa moja na sauti. Pima: kabla ya kuziunganisha, weka multimita kwenye milivolti za mkondo geu kati ya chesisi mbili. Mvumo wa milivolti moja tu ukiongezwa kwa sauti ya kawaida ya vifaa vya nyumbani, ambayo ni kama volti 0.316, huwa desibeli 50 tu chini yake, na utasikika wazi katika kila pumziko la wimbo.

Anza na tiba isiyo na gharama. Lisha mitambo yote kutoka soketi moja, kupitia mbao moja ya soketi yenye ethi nzuri, ili tofauti ya volti kati ya chesisi ipungue. Pitisha kebo za sauti pamoja, kwa umbali mfupi, na zikikutana na kebo za stima zikatize kwa pembe mraba. Fupisha eneo ambalo kitanzi kinalizunguka, kwa sababu ukubwa wa eneo hilo ndio unaoamua ni kiasi gani cha uga wa transfoma kitanaswa. Mara nyingi hatua hizi peke yake humaliza kazi.

Zisipotosha, tumia kebo ya nyaya mbili zenye ngao unapotoka kwenye kifaa cha RCA kuingia katika mikisa yenye XLR (soketi ya sauti ya pini tatu): pini ya kati ya RCA iende kwenye pini ya 2, ukingo wa RCA uende kwenye pini ya 3, na ngao iende kwenye pini ya 1. Kwa njia hiyo mikisa husoma tofauti kati ya nyaya mbili, na mkondo wa mvumo hubaki katika ngao. Mvumo ukisalia kidogo, achanisha ngao upande wa RCA. Angalia pia kwamba baadhi ya mitambo ya zamani ya Marekani iliifanya pini ya 3 kuwa chanya badala ya pini ya 2.

Tiba ya mwisho, na iliyo bora kwa mchanganyiko wa mashine za nchi mbalimbali, ni transfoma ya sauti yenye uwiano wa moja kwa moja (1:1). Chagua ya kilo-omu 10 kwa 10 kwa vifaa vya nyumbani, kwa kuwa ile ya omu 600 huielemea mashine isiyokusudiwa kuibeba na kula sauti za chini. Iweke mwishoni mwa kebo, karibu na kifaa kinachopokea. Sanduku la kuunganishia gitaa lenye swichi ya kuinua ethi hufanya kazi hiyohiyo, na swichi hiyo ni salama kwa sababu inagusa ngao ya sauti tu.

Ndani ya mashine

Fungua mashine pale tu ambapo plagi ile iliyolehemiwa imethibitisha kwamba mvumo uko ndani. Katika michoro mingi ya zamani, sifuri ya sauti hushikana na chesisi mahali pamoja, kwa kawaida karibu na ingizo lenye sauti ndogo zaidi. Hitilafu ya kwanza ni kwamba mahali hapo pameoza: skrubu imelegea, ribiti imeota kutu, au maungo ya lehemu yamepasuka. Sugua chuma hadi king'ae, safisha kwa pombe, weka washa yenye meno na ukaze. Hitilafu ya pili husababishwa na matengenezo yaliyopita. Soketi ya kuchomekea iliyokuwa imetengwa na chesisi kwa washa ya plastiki hubadilishwa kwa nyingine ya chuma, na papo hapo sifuri ya sauti inapata mguso wa pili na chesisi. Pima ukinzani kati ya ukingo wa kila soketi na chesisi, ukilinganisha na mchoro wa mashine.

Hitilafu ya tatu ilielezwa kwa kina na Neil Muncy katika jarida la Audio Engineering Society mwaka wa 1995: pini ya 1 ya XLR, badala ya kufungwa kwenye chesisi, hupelekwa kwenye njia ya sifuri ndani ya bodi, na mkondo wote wa ngao hupita kati ya saketi za sauti. Mashine ya namna hiyo huvuma na kebo moja na kunyamaza na nyingine, na ikiwa karibu na mlingoti wa matangazo huanza hata kupokea redio. Lehemu waya mfupi mnene kutoka pini ya 1 hadi chesisi, mlangoni kabisa.

Kapasita zilizokauka, na valvu zenye mvujo kati ya nyuzi za kupasha na kathodi, zishughulikiwe baada ya haya yote. Unapowasha mashine kwa mara ya kwanza baada ya kuigusa ndani, ipitishe kwanza katika balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna mshikano.

Mitambo ya santuri ina waya wake mwembamba wa ethi, ambao hufungwa kwenye skrubu ya ingizo la santuri na si kwingineko. Sindano ya sumaku hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo kasoro ndogo hapa husikika kubwa. Kichwa cha kusomea utepe nacho ni dhaifu vivyo hivyo: kagua ngao ya kebo yake na kifuniko chake cha chuma kabla ya kulaumu kingine.

Yanayofanana na ethi lakini siyo

Transfoma ya Marekani iliyoundwa kwa hezi 60 peke yake hupata moto na kutoa uga mkubwa zaidi inapolishwa hezi 50, na kushusha volti hakubadilishi jambo hilo. Dalili nyingine ni mota inayofuata stima kuzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Invata za bei nafuu, ambazo wengi huzitumia stima inapopotea, hutoa wimbi la ngazi lenye mlio mkali ambao hakuna kebo itakayouondoa. Mlio wa kukatakata wa hezi 217 ni simu ya mkononi inayotafuta mtandao, na hutoweka simu ikitolewa chumbani.

Mvumo ukishapungua, rekodi dakika moja ya ukimya kwenye utepe, ingizo likiwa limefungwa kwa ile plagi, kisha usikilize kwa hedifoni ukiwa umezima mota za mashine nyingine. Pima upya mwendelezo wa pini ya ethi hadi chesisi. Hatimaye bandika ndani ya kifuniko karatasi inayoonyesha rangi za nyaya kama ulivyozikuta na kama ulivyoziacha, mahali sifuri inaposhikana na chesisi, kebo ambayo ngao yake imeachanishwa na upande iliyoachanishwa, na tarehe ya kipimo.